Mamluki wa Sydney bado wamfungia njia mkimbiaji wa Samunge

Aliyewahi kufuatilia UMISSETA anamjua mamluki: mchezaji asiyestahili, anayeingizwa kikosini kwa karatasi za kuchonga. Mwaka 2000, kwenye Paralimpiki ya Sydney, Hispania ilibeba dhahabu ya mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili. Baadaye ikabainika kuwa kati ya wachezaji 12, 10 hawakuwa na ulemavu huo. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari, na ndiye aliyelipua bomu.

Adhabu ikawaangukia wasiohusika. Wanamichezo wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima walifungiwa Paralimpiki hadi London 2012. Yaani timu moja ichezeshe mamluki, halafu ligi nzima ifutwe miaka 12! Aliyekuwa bosi wa shirikisho lao Hispania alihukumiwa mwaka 2013 na kutozwa faini ya euro 5,400.

Waliporudi, mlango ulikuwa mwembamba: riadha, kuogelea na tenisi ya meza. Soka hakuna. Soka la Paralimpiki leo ni la wasioona pekee. Wenye ulemavu wa akili wana Kombe la Dunia lao, lile ambalo Saudi Arabia ililitwaa Afrika Kusini mwaka 2010, vuvuzela zikiwa ndiyo kwanza zimenyamaza.

Kwenye riadha, daraja lao linaitwa T20, na mbio zake ni mita 400 na mita 1,500. Hapo ndipo Samunge inapoingia. Wengi wanaikumbuka Samunge ya Ngorongoro kwa kikombe cha Babu mwaka 2011. Lakini wilaya ya jirani, Karatu, ndiyo iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.2. Mita hizo hizo.

Kwa hiyo tatizo si miguu. Ni faili. Tangu Sydney, mkimbiaji wa T20 lazima athibitishwe na mwanasaikolojia kwamba IQ yake haizidi 75, kwamba hamudu mambo mengi ya maisha ya kila siku, na kwamba hali hiyo ilimwanza angali mdogo. Mtaalamu huyo humpati kwenye zahanati ya kijiji. Mtoto aliyeacha shule mapema kwa kuitwa mzito wa kuelewa hana hata ripoti ya mwalimu ya kuanzia.

Special Olympics, ambayo Tanzania inashiriki, inafanya kazi nzuri, ila kazi yake ni nyingine. Kule washiriki hupangwa na wa uwezo wao ili kila mmoja ashindane. T20 haina huruma hiyo. Deepthi Jeevanji, binti wa kijijini India aliyekuwa akidhihakiwa, alikimbia mita 400 kwa sekunde 55.07 Kobe mwaka 2024 akavunja rekodi ya dunia, kisha akapata shaba Paris. Kipaji alikuwa nacho toka mwanzo, ila aliandaliwa na kupimwa kwanza.

Soka letu linalijua hili. Serengeti Boys hawaendi michuano ya U-17 bila kipimo cha MRI cha kuthibitisha umri, na timu ndiyo inayopanga, haisubiri mzazi. Kijana wa Samunge naye hatajipeleka. Los Angeles ni 2028, na wa kumpeleka kupimwa ni Kamati ya Paralimpiki na halmashauri yake.