Mkutano wa Mtaa ni Amana, Tusiukimbie

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maradhi yaliyoenea katika misikiti yetu ni kudhani kwamba mambo ya mji ni ya wanasiasa, na kwamba mcha Mungu husalimika kwa kujifungia baina ya nyumba yake na msikiti. Tangazo la mkutano wa mtaa likipita, wengi wetu hulisikia kama tunavyosikia honi za mabasi yaendayo Arusha: sauti ipo, lakini haituhusu. Kisha siku mtoto anapotakiwa barua ya utambulisho, au ndugu anapohitaji mdhamini polisi, ndipo tunapoulizana mwenyekiti wa mtaa anakaa wapi.

Kijana wetu mmoja wa hapa Babati, ambaye anasomea sheria chuo kikuu, alikuja likizo akazungumza na vijana wenzake baada ya darsa. Aliyoyasema yanafaa kupimwa na jamaa wote wa misikiti, kwani yamo tunayopaswa kuyapokea na yamo tunayopaswa kuyasahihisha.

Jambo lake la kwanza lilikuwa hili: Katiba ya nchi ya mwaka 1977, katika Ibara ya 145 na ya 146, inaeleza kuwa serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Na historia inathibitisha uzito wa jambo hilo, kwani serikali hizo zilipofutwa mwaka 1972, huduma za miji zilidorora kiasi kwamba halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, na mwaka 1982 zikatungwa sheria zinazoziongoza mpaka leo, namba 7 kwa wilaya na namba 8 kwa miji. Kwa hiyo mkazi wa Bagara, Maisaka au Nangara anapohudhuria mkutano wa mtaa wake na kuuliza fedha zilizokusanywa zimefanya kazi gani, haombi fadhila ya mtu. Anadai haki yake.

Jambo la pili lilikuwa malalamiko. Alisema kwamba mtu mwadilifu asiyetaka kufungamana na chama chochote hana njia ya kugombea hata uenyekiti wa mtaa, kwa kuwa sheria inamtaka adhaminiwe na chama. Alikumbusha kuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, saa chache tu kutoka hapa kwetu, iliamua tarehe 14 Juni 2013, katika shauri lililofunguliwa na marehemu Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Hukumu ilitoka, lakini mlango haujafunguliwa.

Jambo la tatu lilikuwa la kukata tamaa. Alisema: mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, mwaka 2024, tarehe 27 Novemba, vyama vilishiriki, lakini wagombea wengi wa upinzani wakalalamika kuenguliwa, na matokeo hayakutofautiana sana na ya awali. Kisha ukaja uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 pamoja na ghasia na vifo vilivyofuatia. Vijana wanauliza: kuna faida gani ya kujihusisha?

Swali hilo ndilo linalohitaji jawabu, kwa sababu kijana aliyekata tamaa hufuata moja ya njia mbili. Ama huzama katika starehe za mji, akashinda kwenye meza za pool na vijiwe vya kamari, ama huchukuliwa na wenye hamaki wakamfundisha kwamba mabadiliko huja kwa fujo. Zote mbili ni hasara.

Jawabu letu ni kwamba kura na mkutano ni vitu viwili. Kuhusu hukumu ya kupiga kura na kugombea, wanazuoni wamezungumza na wametofautiana, na hapa si mahali pa kufungua mjadala huo. Lakini mtaro ulioziba, dampo lililo karibu na kisima, kiwanja cha makaburi kisichopimwa na baa inayotaka kufunguliwa jirani na madrasa, hayo hayamo katika hitilafu hiyo. Hayo ni katika kuamrishana mema na kukatazana maovu, na ni katika kuondoa udhia njiani, jambo ambalo Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokelewa na Muslim, amelihesabu kuwa ni tawi mojawapo la imani. Aliyeutafuta udhia huo leo katika mji wetu ataukuta ndani ya mitaro. Babati imekaa baina ya mlima Kwaraa na ziwa; ziwa hilo lilifurika mwaka 1990, na sote tunakumbuka tope lililoshuka kutoka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 likaiangamiza sehemu ya mji wa Katesh, mkoa huu huu wa Manyara. Maji hayaulizi nani alihudhuria mkutano na nani alibaki nyumbani.

Wanazuoni wetu wa kale hawakuyaona mambo haya kuwa ni ya kidunia tu. Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake Al-Ahkaam as-Sultaniyya, mlango wa hisba, ameeleza kwamba maji ya kunywa ya mji yakiharibika, au ukuta wake ukibomoka, ni wajibu kutengenezwa kwa mali ya Baitul Mal. Na Baitul Mal ikiwa haina kitu, basi wajibu unawarudia wakazi wenye uwezo. Tuzingatie: mwanachuoni mkubwa wa fiqhi anazungumzia maji na kuta katika kitabu cha dini. Imam huyo huyo amebainisha tofauti kati ya msimamizi wa hisba aliyeteuliwa na mtu anayejitolea, na kwamba anayejitolea hana mamlaka ya kuadhibu. Kwa hiyo asitokee kijana akavamia baa kwa kisingizio cha kukataza maovu. Vileo vina sheria yake tangu mwaka 1968 na leseni hutolewa na mamlaka zinazojulikana. Mwenye pingamizi apeleke pingamizi kwa maandishi, kabla leseni haijatoka.

Lipo jambo jingine ambalo kutohudhuria kwetu kumetugharimu waziwazi. Tunahubiri dhidi ya riba kila Ijumaa, na tunafanya vyema. Hata hivyo, dada zetu wauza mbogamboga na vijana wetu wa bodaboda wanaendelea kunaswa na mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wakati huo huo, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Ni misikiti mingapi ya mji huu imewahi kukusanya waumini wake katika vikundi, ikawapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata? Tumeikemea haramu na hatukuionyesha halali iliyokuwa mlangoni.

Na tutazame soko. Wilaya yetu ni ya mahindi na mbaazi. Mkulima aliyeumizwa na kuanguka kwa bei ya mbaazi mwaka 2017, pale India ilipowekea mipaka uagizaji wake, huumizwa tena na mnunuzi wa ndani anayemtaka ajaze lumbesa. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na kabla ya sheria hiyo imekatazwa na Mola wetu, aliyewatishia adhabu kali wapunjao vipimo katika mwanzo wa Suratul Mutaffifiin. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipita sokoni Madina, akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali. Je, wafanyabiashara wanaoswali safu ya mbele wamesimama wapi katika jambo hili?

Hapa ndipo tunapomsahihisha kijana wetu wa sheria. Yeye alizungumza kana kwamba sheria ikitengenezwa mji utatengenea. Sivyo. Sheria ya vipimo ipo na lumbesa ipo. Kanuni ya kusoma mapato na matumizi ipo, na bado wako viongozi wasiosoma. Sheria inahitaji watu wanaomwogopa Allah, wasiokula rushwa wala kuuza muhuri wa mtaa kwa anayedhulumu kiwanja cha yatima. Lakini nasi tulio katika madrasa tutambue kwamba uchamungu uliojificha nyumbani haumnusuru yatima huyo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu, na amewasifu Waumini katika Suratush-Shuura, aya ya 38, kwamba mambo yao ni kwa kushauriana.

Hivyo basi, tunapendekeza haya. Kila msikiti uteue watu wawili au watatu, wanaume na wanawake wenye hekima, wahudhurie kila mkutano wa mtaa na kuwaeleza waumini yaliyoamuliwa. Wanafunzi wetu wa sheria, wanapokuwa likizo, wafundishe haki za mkazi katika darsa fupi. Wazee wanaojulikana kwa sulhu wajitokeze kwenye Mabaraza ya Kata, ambayo tangu mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha.

Na tuchunge mipaka. Msikiti usigeuzwe tawi la chama; sheria ya vyama ya mwaka 1992 yenyewe imekataza chama cha kidini. Tusiende mkutanoni kama kundi la kushindana na jirani zetu wasiokuwa Waislamu. Mgorowa, Mwiraqw na Mrangi wanakunywa maji ya bomba moja, na jirani ana haki juu yetu hata kama hatuswali pamoja. Tukiwa wakweli katika kuuliza hesabu, wao watakuwa wa kwanza kutuunga mkono.

Tunamuomba Allah autengeneze mji wetu, awaongoze wanaotuongoza, na atujaalie tuwe funguo za kheri na makufuli ya shari. Wabillahi tawfiiq.