Ngoma inauzwa mlangoni, faida inabaki kaunta

KARIAKOO kila bidhaa ina bei, na kila mwenye bidhaa anajua gharama iliyomfikisha sokoni. Mfanyabiashara wa vitunguu anajua nauli ya gunia, ujira wa mbebaji, ushuru, na kiasi kitakachooza kabla ya Jumamosi. Akiona hesabu haikai sawa, hapakii mzigo. Ipo hata hivyo bidhaa moja inayosafirishwa kutoka wilaya hii ya Ilala kwenda mikoani bila hesabu ya namna hiyo kufanywa. Bidhaa hiyo ni ngoma.

Kikundi kidogo cha ngoma kinapotaka kufanya ziara, kazi ya kwanza huwa ni kuandika barua ya kuomba msaada. Barua hupelekwa kwa ubalozi, kwa shirika lisilo la kiserikali, kwa mfanyabiashara wa mtaa wa Msimbazi na kwa mheshimiwa. Majibu yakichelewa, safari inaahirishwa. Yakija na fedha nusu, vijana wanaondoka hivyo hivyo, wanacheza siku tatu, wanarudi na deni la gesti na ngozi mbili zilizopasuka. Halafu lawama inatupwa kwa wananchi, kwamba hawapendi tena utamaduni wao.

Lawama hiyo si ya haki. Historia ya biashara ya ngoma katika jiji hili inaonyesha kuwa watu walilipa, na walilipa kwa miaka mingi. Tatizo ni nani aliyebaki na fedha.

Enzi za mashirika ya umma

Ikumbukwe kwamba baada ya Uhuru msanii wa ngoma hakutakiwa kuishi kwa kiingilio. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana, akieleza kuwa taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu tu. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kiliundwa miaka hiyo ya mwanzo, na wachezaji wake wakalipwa na serikali. Sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na lizombe ya Wangoni zikaletwa jukwaani na kuonyeshwa kwa wageni wa taifa. Kikundi hicho kilipovunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho leo ni taasisi ya TaSUBa.

Mashirika ya umma nayo yalikuwa na bendi na vikundi vyake. Shirika la Bima lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lilikuwa na bendi ya Mlimani Park pamoja na kikundi cha ngoma cha DDC Kibisa. DDC ilikuwa na ukumbi wake hapa Kariakoo. Katika utaratibu huo, aliyelipa mchezaji na aliyeuza bia alikuwa ni mtu mmoja. Kiingilio kikipungua, kaunta iliweza kufidia.

Hilo ndilo jambo ambalo waliofuata hawakulitazama.

Muungano, Mandela na TOT

Miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi na serikali ikianza kulegeza masharti ya biashara, vilizuka vikundi vya watu binafsi. Muungano, chini ya Norbert Chenga, kilikuwa miongoni mwa vilivyovuma sana, pamoja na Mandela na Makutano. Vilicheza kwenye baa na kumbi za jiji, siku za mwisho wa wiki, maonyesho ya saa nyingi: ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarab. Mtu mwenye mshahara mdogo alitoa kiingilio, akaketi na soda au bia yake mpaka usiku. Hapakuwa na mfadhili kutoka Ulaya.

Mapatano ya kawaida yalikuwa mepesi kueleweka. Kikundi kilichukua fedha za mlangoni, na mwenye baa alichukua fedha za kaunta. Kwa macho ya haraka hayo ni mapatano mazuri, kwa sababu ukumbi unapatikana bila kodi. Lakini mwenye baa hakuwa na mtu wa kumlisha, hakuwa na ngoma ya kuwamba wala nauli ya kulipa. Kikundi kilikuwa na watu makumi kadhaa wa kugawana fedha zile za mlangoni. Ngoma zilivuta wateja, na wateja walinunua vinywaji. Fedha za vinywaji hazikugusa mikono ya mpiga ngoma.

Mwaka 1992 nchi ilipoingia katika vyama vingi, ikaanzishwa Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba, ikiwa karibu na chama tawala. TOT ilikuja na vyombo vizuri na na sauti ya Khadija Kopa, na ushindani wake na Muungano ukajaza kumbi. Wateja walipata raha, lakini ngoma yenyewe ilipoteza nafasi. Taarab ya mipasho ndiyo iliyouza, na ngoma ikabaki ya kufungulia onyesho wakati watu bado wanatafuta viti. Televisheni binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, mteja wa Buguruni au Tabata akapata sababu ya kubaki nyumbani au kuangalia kwa jirani. Mashirika ya umma yalipoanza kurekebishwa na kuuzwa, bendi na vikundi vilivyokuwa chini yake navyo vilipoteza mlezi.

Kwa kifupi, ngoma iliondolewa kwenye mshahara wa serikali ikapelekwa sokoni, na ilipofika sokoni ikakubali kuuza kwa bei ya mlangoni peke yake.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 16 kinachotoka Ilala kwenda Morogoro kwa onyesho la usiku mmoja. Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke za kwake. Kosta ya kukodi iwe Sh. 350,000 kwenda na kurudi. Posho iwe Sh. 20,000 kwa kila mtu, jumla Sh. 320,000. Chakula Sh. 10,000 kwa kila mtu, jumla Sh. 160,000. Vyumba vinane vya gesti kwa Sh. 15,000 ni Sh. 120,000. Jumla ya matumizi ni Sh. 950,000.

Wakiingia watu 150 kwa kiingilio cha Sh. 5,000, mapato ni Sh. 750,000. Kikundi kimepata hasara ya Sh. 200,000, na mtu asiyejua hesabu ataona ukumbi ulijaa na kudhani mambo yalikwenda vizuri.

Sasa iangaliwe kaunta. Watu hao hao 150 wakinywa chupa mbili kila mmoja, na faida ya kila chupa ikiwa Sh. 1,000, mwenye baa amepata Sh. 300,000 bila kutoka jasho la sindimba. Faida ya kaunta ni kubwa kuliko hasara ya kikundi. Anayebeba gharama ya kuwaleta watu ndiye anayeondoka mikono mitupu.

Ibadilishwe safari. Kikundi kicheze usiku mbili Morogoro badala ya mmoja, kwa kumbi mbili tofauti. Kisafiri kwa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na ambayo nauli yake ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa Sh. 13,000. Kwa nauli hiyo, watu 16 kwenda na kurudi ni Sh. 416,000, yaani Sh. 208,000 kwa kila usiku. Ngoma kubwa zinaweza kutangulia kwa basi. Matumizi ya usiku mmoja yanashuka hadi Sh. 808,000. Kwa fedha za mlangoni peke yake bado kuna hasara ya Sh. 58,000. Lakini mwenye ukumbi akikubali kugawana nusu ya faida ya kaunta, kikundi kinaongeza Sh. 150,000, mapato yanakuwa Sh. 900,000, na ziada ni Sh. 92,000 kwa usiku. Kwa safari nzima ni Sh. 184,000, kabla ya kulipa mzigo wa ngoma. Hiyo si fedha ya kujengea nyumba, lakini inawamba ngozi na inalipia tangazo la safari inayofuata.

Mwenye baa atakataa? Huenda. Lakini mwenye baa ni mfanyabiashara, na anafahamu tofauti ya Alhamisi yenye wateja 20 na Alhamisi yenye wateja 150. Asipotaka kugawana kaunta, atoe kiasi maalumu kabla ya onyesho. Jambo lisilokubalika ni kikundi kufika, kucheza, na kushukuru kwa kupewa ukumbi bure.

Mfadhili alipie nini

Haisemwi hapa kwamba ufadhili ni mbaya. Kinacholalamikiwa ni mahali unapopelekwa. Wafadhili wengi wamezoea kulipia onyesho lenye ujumbe: ukimwi, malaria, uchaguzi, usafi wa mazingira. Kikundi kinacheza kile kilichoandikwa kwenye mradi, na mradi ukiisha, kikundi nacho kinasambaa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata asasi kubwa zimeonja hali hiyo. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kujulikana duniani kote, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya upungufu wa fedha, ingawa lilirudi mwaka 2017. Ikiwa tamasha lenye jina hilo lilikosa mwaka mzima, kikundi cha watu 16 chenye barua na mhuri kitategemea nini?

Fedha za msaada zinafaa zaidi mahali ambapo soko haliwezi kulipa. Mahali hapo ni mazoezi. Kutengeneza onyesho jipya kunachukua wiki nyingi ambazo hakuna anayelipa kiingilio. Vijana wanakuja mazoezini na njaa, wengine wanaacha meza zao za mitumba Mchikichini na kupoteza mauzo ya siku. Mfadhili alipie wiki hizo, pamoja na mwalimu na ngoma mpya. Safari iachwe ilipiwe na watazamaji. Kikundi kilichofika Morogoro kwa fedha za mlangoni na kaunta kinaweza kurudi tena mwakani, mfadhili akiwepo au asiwepo.

Aidha, siku hizi upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii. Mkopo si zawadi, unarudishwa. Kikundi kisichojua kama safari yake inazaa au inakula, kikichukua mkopo kitakuwa kimenunua deni. Daftari la mapato na matumizi litangulie, mkopo ufuate.

Wajibu wa Ilala

Wapo watakaosema ngoma ni urithi wa taifa na haifai kupimwa kama nyanya. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyowapa wachezaji mishahara miaka ya 1960. Lakini mishahara hiyo haipo, na wizara yenye jukumu la utamaduni imeunganishwa na kutenganishwa na nyingine mara nyingi. Kuendelea kumwambia kijana kuwa yeye ni urithi, huku analipwa soda na nauli ya daladala baada ya kucheza juani kumpokea mgeni rasmi, ni kumdhihaki. Sherehe hizo zina bajeti ya maturubai, viti na chakula. Ngoma nayo iwe na mstari wake katika bajeti, na ilipwe kabla ya mgeni kuondoka.

Ilala ina nafasi ya pekee katika jambo hili. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lina ofisi zake Ilala. Tangu Februari 2021 halmashauri ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Ukumbi wa Arnautoglu uko Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo. Jiji likitenga siku moja kwa wiki ambapo vikundi vilivyosajiliwa vitatumia ukumbi wa umma kwa kulipa asilimia ya mapato badala ya kodi ya kutanguliza, litakusanya fedha ambazo sasa halizipati kabisa, na kikundi hakitaanza usiku wake kikiwa na deni.

Wafanyabiashara wa Kariakoo nao wana la kufanya, na si kutoa sadaka. Mwenye duka la vitenge anayevalisha kikundi kizima na kuandika jina la duka lake kwenye tangazo la Morogoro na Dodoma, ambako wateja wake wa jumla wanatoka, amenunua tangazo la bei nafuu. Kikundi kimwendee na bei na idadi ya watazamaji wa safari iliyopita, kama muuza vitunguu anavyokwenda na mzani.

Hapo ndipo mahali pa kuanzia. Kabla ya kuandika barua nyingine ya kuomba msaada, kiongozi wa kikundi akae na daftari, aandike nauli, posho, chakula na gesti upande mmoja, kiingilio na kaunta upande wa pili. Hesabu isipokaa sawa, asipakie mzigo.