Kliniki ya Mtoto Asiye na Kijiji

Tumezoea kusema kwamba wafugaji wa Bonde la Kilombero, Wamaasai, Wabarbaig na Wasukuma, hawapeleki watoto kliniki kwa sababu ya mila. Kauli hiyo ni rahisi, nayo huiondolea Serikali lawama bila gharama yoyote. Ratiba ya chanjo humtaka mtoto arudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Hiyo ni ratiba ya mtu aliyetulia mahali pamoja. Wafugaji hawa waliondolewa bondeni pamoja na mifugo yao katika operesheni ya mwaka 2012. Mama aliyeitwa mvamizi atamwandikisha mwanawe kijiji gani, na kwa mtendaji yupi? Wakulima wa mpunga nao huhamia madunguni msimu wa kilimo, wakaiacha zahanati mbali, wala hakuna anayeilaumu mila yao. Walau wao wana kijiji cha kurudi. Huduma ya mkoba si jambo geni kwetu. Basi iwafuate wafugaji malishoni na minadani, na muuguzi asiongozane na mgambo.