Kibanda cha Kuhama Shambani

Mkulima akodishaye shamba la mwenzake kwa mwaka mmoja au miwili hupatwa na shida ambayo mwenye shamba haijui. Viazi vinapokomaa, au ng'ombe wanapozaa, yapasa mtu alale papo hapo shambani, kwa maana mwizi hangoji mapambazuko. Akijenga nyumba ya mawe na saruji, amejenga katika ardhi isiyo yake. Akilala chini ya turubai katika uwanda wa Kinangop, ulio zaidi ya futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku wa Julai itamfukuza kabla ya mwizi kufika.

Dawa ya shida hii ni kibanda kidogo kilichojengwa juu ya magogo mawili, ambacho huburutwa na maksai au trekta kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine, na kodi ikiisha, mwenyewe huondoka nacho. Lakini vibanda vingi vya namna hii vikiisha kuburutwa mara mbili tu, mlango haufungi, misumari imelegea na paa linavuja. Sababu ni kwamba vilijengwa kama nyumba za kusimama, wala si kama vyombo vya kusafiri. Fundi wa mashua hafikiri juu ya siku ambayo mashua itakaa pwani. Hufikiri juu ya mawimbi. Ajengaye kibanda cha kuhama na afikiri vivyo hivyo juu ya mabonde na vichuguu vya shamba.

Kipimo kinachofaa ni futi 8 kwa urefu na futi 6 kwa upana. Kitanda, sanduku na kiti vyaenea humo, na tena kipimo hiki kina faida nyingine. Mjenzi akipima sakafu kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, apate futi 10 kamili. Akipata futi 10 kwa mshazari wa kwanza na futi 10 kwa wa pili, ajue kwamba pembe zake zimenyooka, hata kama hana kifaa kingine ila utepe wa kupimia.

Magogo ya kuburutia yawe mawili, ya mkaratusi uliokauka na kutiwa dawa ya mchwa, kila moja futi 10 kwa urefu na inchi 6 kwa unene. Ncha zake zote zikatwe kwa mteremko upande wa chini, mfano wa omo ya mtumbwi, ili zipande juu ya kisiki au jiwe badala ya kujichimbia ardhini. Magogo hayo yaungwe kwa boriti zinazokatiza, na kila kiungo kikazwe kwa bolti na nati. Msumari hushika vyema katika nyumba isiyosogea, lakini katika kitu kinachotikiswa hutoka polepole bila mtu kuona.

Adui mkubwa wa kibanda hiki si mteremko, bali ni msokoto. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki popote kiwekwapo, lakini meza ya miguu minne hucheza mahali pasipo sawa. Kibanda nacho kina pembe nne. Pembe tatu zikikaa juu ya udongo na ya nne ikaning'inia, uzito wote huisokota sakafu, kuta hufuata, na mlango hukwama. Kwa hiyo kila ukuta uwekewe ubao wa mshazari kutoka juu hadi chini, na sakafu vivyo hivyo. Umbo la pande nne husukumika likalala upande; umbo la pande tatu halibadiliki mpaka mti uvunjike.

Jambo la pili ni uzito. Kuta za mbao za inchi 1 peke yake hukaribia kilo 200, hali kuta za mabati ya geji 30 hazifiki kilo 50. Mwenye kutumia mabati kwa kuta na paa, na mbao kwa sakafu na viunzi tu, aweza kupata kibanda cha karibu kilo 300. Kukiburuta juu ya majani makavu hutaka nguvu ipatayo nusu ya uzito huo, yaani kilo 150. Maksai wa kilo 400 huweza kuvuta kwa kuendelea kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 40. Hesabu hii yaonyesha kwamba maksai wanne watakivuta polepole, wakipumzishwa njiani, na wawili watateswa bure. Kuta za mbao zingehitaji jozi nyingine ya maksai. Mahali pazito, miti mviringo ikiwekwa chini ya magogo hupunguza kazi hiyo sana.

Mnyororo ufungwe chini, katika magogo yote mawili, kisha ncha zake zikutane mbele katikati. Ukifungwa juu, kibanda huinamia mbele. Ukifungwa katika gogo moja, hugeuka upande na kusokotwa. Kabla ya safari vitu vyote vitolewe ndani. Njia ipimwe kwa miguu kwanza, na mashimo yazibwe. Katika mteremko, kibanda kivutwe kuelekea juu au chini moja kwa moja. Kikikatiza mlima kwa ubavu huweza kupinduka. Kikishuka, hakina budi kuwa na kamba nene nyuma yake, iliyozungushwa kwenye mti au nguzo imara na kulegezwa kidogo kidogo, na mtu yeyote asisimame mbele yake upande wa chini. Kuhama kufanywe kabla ya mvua za masika za mwezi wa Machi hadi Mei, kwa maana tope hushika magogo kama gundi.

Kikifika mahali pake, kazi ya kukisawazisha ianze. Mteremko wa futi 1 katika kila futi 10 huonekana mdogo kwa macho, lakini katika urefu wa futi 8 tofauti ya juu na chini ni karibu inchi 10. Si lazima kurundika mawe kwa inchi zote 10. Upande wa juu uchimbwe inchi 5, na upande wa chini uinuliwe inchi 5 kwa mawe mapana, na mfereji mdogo ukatwe juu yake ili maji ya mvua yapite kando. Mawe yakae chini ya magogo, kamwe si chini ya kuta. Kisha pimamaji iwekwe sakafuni kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na kila palipo na nafasi chini ya gogo pakazwe kabari. Mlango ni shahidi mwaminifu: ukifunguka na kufungika kwa kidole kimoja, kibanda kimekaa vizuri. Hatimaye kila pembe ifungwe kwa waya kwenye kigingi kilichopigwa futi 2 ardhini, kwa sababu wepesi uliowasaidia maksai ndio ule ule unaousaidia upepo.

Liko jambo moja ambalo likisahauliwa, mengine yote hayana faida. Mlinzi akiona baridi, hutamani kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo humwua mtu usingizini pasipo kumwamsha. Chumba kidogo kama hiki hujaa upesi. Wachungaji wa kondoo wa Uingereza walikuwa na vibanda vya magurudumu vyenye jiko ndani, na hatari hiyo ilijulikana hata mwandishi Thomas Hardy akaitia katika riwaya yake ya mwaka 1874, ambamo mchungaji alifunga matundu ya hewa, akalala, akaokolewa karibu na kufa. Yafaa jiko libaki nje. Ndani kuta zitandikwe magunia makavu, sakafu iwekewe majani chini ya godoro, na chini ya paa, pande mbili zinazokabiliana, yaachwe matundu yasiyozibwa usiku wala mchana. Blanketi la pili ni bei ndogo kuliko jeneza.

Mwisho, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya ardhi iliyotoka Uingereza hufuata kanuni ya zamani, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Kibanda cha magogo hakikushikamana nayo, lakini ugomvi hauangalii magogo. Kwa hiyo katika hati ya kukodi shamba uandikwe mstari mmoja usemao kwamba kibanda ni mali ya mkodishwaji na kwamba ataondoka nacho, na pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi. Tena kuwa na magogo badala ya msingi hakumwondolei mtu wajibu wa kuuliza ofisi ya kaunti kama ruhusa yahitajiwa.

Mkulima aliyefanya hayo yote hulala karibu na mali yake, mahali pakavu penye hewa safi. Mavuno yakiisha na kodi ikimalizika, hufunga maksai wake, akang'oa vigingi, akaondoka na nyumba yake nyuma yake, naye hakumwachia mwenye shamba kitu ila mawe machache na shukrani.