Wavuvi wa Uyombo si wajinga

Ndugu zangu, nasikia watu wakisema wavuvi wa Uyombo, Kilifi, walikataa kinu cha nyuklia kwa sababu hawakusoma. Subhanallah! Chernobyl ililipuka 1986. Mwaka 2011 ikawa Fukushima, tena Japani, nchi ya wasomi watupu! Kila pahali watu zaidi ya laki moja walihama makwao. Sasa mtu anayekula kwa bahari ile akiuliza, "Taka zake mtazizika wapi?", huo ni ujinga? Taka hizo hubaki na sumu maelfu ya miaka.

Sisemi nyuklia ni haramu; Ufaransa sehemu kubwa ya umeme wao ni huo. Nasema mwenyeji huulizwa kabla ya ramani kuchorwa. Mwaka 2024 walipoandamana, polisi waliwatawanya kwa nguvu, wengine wakaumia. Kama majibu yalikuwapo, nguvu ya nini?