Ngombe wa Maziwa Hajui Siku ya Mungu



Mwezi huu tuongee habari ya ngombe wa maziwa. Aliyenisukuma kuandika ni kijana mmoja mchimbaji wa hapa Mubi. Alikuja jioni, akaketi, akafungua kifuko cha plastiki. Ndani mlikuwa feza aliyoweka kidogo kidogo kutoka kasiterite. Akasema:

"Papa, hii feza inatosha ngombe wawili kule Masisi. Nitawaleta huku Mubi. Maziwa ya unga iko bei kali hapa, mimi nitauza mabichi. Sitarudia tena kwa shimo. Unasema nini?"

Sikumjibu upesi. Katika kifuko kile mlikuwa miezi mingi ya mgongo wake. Nilipomjibu, nilimwambia maneno haya. Nawe kijana unayesoma, uyasikilize, na wazazi pia.

MASISI SI MUBI

Masisi ni milima, baridi na majani mabichi. Ukipita Mushaki, Matanda au Kitchanga unaona ngombe wamejaa juu ya vilima. Ngombe wa maziwa mengi, wale wenye mabaka meusi na meupe, asili yao ni Ulaya, nchi za baridi. Ndiyo maana Masisi inawafaa.

Huku kwetu ni chini, ni joto na pori. Ngombe wa namna ile akishikwa na joto anahema, anaacha kula, na asiyekula hana maziwa. Tena mapori ya joto ndiyo makao ya mbung'o, nzi anayeleta nagana, ndugu wa malale ya watu. Kuna aina ya ngombe inayovumilia nagana, inaitwa N'Dama, ililetwa Kongo kutoka Afrika ya Magharibi wakati wa Wabelgiji. Lakini huyo ni ngombe wa nyama. Maziwa yake ni machache.

Basi nilimwambia wazi: "Mdogo wangu, kuwaleta huku ni kuwaleta kufa."

KAZI YENYEWE

Vijana wengi wanawaza kwamba ngombe anakula majani na wewe unahesabu feza. Sivyo. Anakamuliwa mara mbili kwa siku, asubuhi sana na jioni. Mvua ikinyesha, unakamua. Ukiwa na homa, mtu mwingine akamue. Siku ya Mungu, kabla ya kwenda kanisani, unakamua. Krismasi pia. Shimo la madini unaweza kuliacha siku tatu ukalikuta palepale. Ngombe ukimwacha siku moja bila kukamua, kiwele kinavimba.

Kabla ya kukamua, nawa mikono, osha kiwele, na maziwa ya kwanza kabisa uyakamulie katika kikombe cheusi uyatazame. Ukiona vipande-vipande kama maziwa yaliyoganda, kiwele kinaumwa. Maziwa hayo usiyachanganye na mengine. Ngombe aliyepigwa sindano ya dawa, maziwa yake hayauzwi mpaka siku alizosema muganga wa mifugo zimalizike. Anayeuza ni mwizi, hata kama hakuna aliyemuona.

Maji ni mengi: kwa kila lita ya maziwa, ngombe anahitaji lita 3 au 4 za kunywa. Kupe lazima wapigwe dawa kila mara, kwa sababu homa ya kupe inaua ndama upesi. Na mimba ni miezi 9, kama mwanamke. Ukinunua mtamba, yaani ngombe jike asiyezaa bado, na hajapata mimba, utakaa karibu mwaka mzima unatoa feza tu bila kuona hata kikombe kimoja.

FAIDA YAKE

Ndiyo, faida iko. Chotara aliyetunzwa vizuri anaweza kutoa lita 8 mpaka 10 kwa siku, karibu miezi 10. Wa kienyeji anatoa lita 2 au 3. Watoto wanakunywa, masomo yanalipwa, mbolea inaenda kwa shamba la maharagwe. Feza ya shimo inaingia mara moja, na mara nyingi inaisha katika nganda, kwa pombe, juma lilelile. Feza ya maziwa ni ndogo, lakini inarudi kila siku, na inamfundisha mtu kuhesabu.

Tazama pia akili ya watu wa Masisi. Barabara ni mbaya, maziwa yanaharibika njiani. Kwa hiyo walishika ufundi ulioletwa na wamisionari wa Ulaya, ule wa fromaji ya namna ya Gouda ya Uholanzi. Maziwa yenye joto la ngombe yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa, yanakamuliwa maji, yanashindiliwa, yanalowekwa katika maji ya chumvi, halafu yanawekwa juu ya mbao majuma kadhaa. Lita 10 zinatoa karibu kilo 1. Boma zima la maziwa linakuwa mzigo wa mtu mmoja, nao unafika Goma bila kuoza. Barabara iliwashinda wengi, lakini fromaji ilipita.

HATARI TUSIYOIFICHA

Mwaka 1993 vita vilianza katika soko la Ntoto, hapa kwetu Walikale, vikapanda Masisi. Kufika 1996 makundi makubwa ya ngombe yalikuwa yamechinjwa au kuibiwa. Mwaka ule hata watawa wa Mokoto walikimbia monasteri yao. Ngombe ni feza inayotembea, na mwenye bunduki anaiona kutoka mbali. Lakini shimo nalo si salama: mwezi wa tatu 2025, vita vilipofika Walikale, hata mgodi mkubwa wa Bisie ulisimamisha kazi.

Halafu kuna ardhi. Masisi watu wengi hawana mahali pa kulima wakati vilima vizima ni malisho. Ngombe wako akiingia katika mihogo ya mjane, hujapata maziwa, umepata adui.

SHAURI LANGU

Nilimwambia: Usinunue wawili. Nunua mmoja, na feza ya wa pili iwe ya dawa, kamba, uzio na siku mbaya. Kabla ya kununua, jiulize mambo manne: Majani na maji ni ya nani? Nani atakamua nikiwa sipo? Muganga wa mifugo yuko wapi? Nani atanunua maziwa? Kama utamweka kwa mtu, andikeni karatasi mbele ya mashahidi: ndama wa nani, maziwa ya nani, akifa itakuwaje. Na kwanza kabisa, nenda ukakamue ngombe wa mtu mwingine mwezi mmoja.

Akanyamaza sana. Akafunga kifuko chake. Juma lililofuata alipanda Masisi kwa mjomba wake, bila kununua kitu. Ametuma habari moja tu: "Papa, vidole vinaniuma kuliko wakati wa kupiga nyundo. Lakini sijakimbia."

Nasi tunamngoja. Nyumbani kwako, baba, mama, ongeeni na watoto: feza ya mwezi huu imeenda wapi?

Hadi mwezi ujao.