Mwamba Ulio Chini ya Mto

Watu wengi hudhani kwamba mto huishi kwa mvua peke yake: mvua ikinyesha hujaa, ikikosekana hukauka. Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Atakaye kujua kwa nini mto mmoja hudumu wakati wa kiangazi, na mwingine hubaki mchanga mtupu, hana budi kuuliza ni mwamba wa namna gani ulio chini ya nchi ile.

Vitazamwe vilima vya Chyulu, vilivyo kati ya Kibwezi na Tsavo. Vilifanywa na moto wa ardhini, na mawe yaliyoyeyuka yalitoka huko hata katika karne ya 19. Weusi wake waonekana mpaka leo mahali paitwapo Shetani. Kilele chake chapita mita 2,100, na ukungu hutua juu ya msitu wake. Hata hivyo, mtu aweza kutembea huko mchana kutwa asione kijito hata kimoja kidumucho. Majivu na mawe yale yamejaa matundu na nyufa. Mna hata pango lililoachwa na mto wa moto, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Mvua inyeshapo huzama papo hapo.

Lakini maji hayo hayapotei. Chini ya mawe ya moto yako mawe ya kale yasiyopenyeka, na maji hufuata njia juu yake, polepole, hata yatokee katika chemchemi za Mzima, meupe kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, masika na kiangazi. Ndiyo yaulishayo mto Tsavo. Mwaka 1957 bomba lenye urefu wa kilomita zipatazo 220 lilianza kuyapeleka Mombasa. Basi moto unaochoma msitu wa Chyulu si shauri la wakaao karibu tu. Wa Mombasa naye yamhusu, ijapokuwa hajapata kuviona vilima hivyo.

Kule Kitui mambo ni kinyume. Mawe ya kale yako karibu sana na uso wa nchi, nayo ni magumu, hayana nafasi ya kuweka akiba. Mvua kubwa ikinyesha, mto Tiva huja kwa kishindo, wachukua udongo wa mashamba, na baada ya muda mfupi umekwisha. Wanawake huchimba mashimo mchangani, na kila wiki ya kiangazi shimo huzidi kwenda chini. Kuchimba kisima kirefu ni kama kubahatisha: kisipokutana na ufa wenye maji, fedha zimepotea.

Hata hivyo ugumu ule ule una faida yake. Ukuta ukijengwa kukata mto, msingi wake ukikaa juu ya mwamba mzima, mafuriko huujaza mchanga nyuma yake, na katika mchanga huo robo hata theluthi yaweza kuwa maji. Jua halifiki chini, na mwamba hauvujishi. Kuta za namna hii zilijengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1990 zimeongezwa kwa mamia katika Kitui. Ukuta kama huo ukijengwa Chyulu hautazuia hata debe moja.

Hata Ukambani si kila mahali pafaapo. Mwamba ukiwa na ufa, maji hupita chini ya ukuta. Mto ukileta tope badala ya mchanga, akiba huwa ndogo, ndiyo maana matuta ya mashamba ya juu ni sehemu ya kazi hiyo hiyo. Fundi mwenye busara, kabla ya kupima kwa chuma chake, kwanza huwauliza kina mama ni shimo gani la mtoni lililokuwa la mwisho kukauka. Mara nyingi mwamba mzuri u chini ya shimo hilo.